Kiganja cha Bontje

Jumanne, tarehe 14 Januari. Ukungu mzito, nyuzi mbili chini ya sifuri, upepo hakuna.

Katika kituo kidogo cha wanyama nje ya mji wa Dokkum, Fenna Dijkhuis alikuwa akihofia hali ya Bontje. Kima jike huyo aliishi miaka kumi na minne katika kizimba cha maabara, na sasa alikuwa amejinyonyoa manyoya ya mkono wa kushoto hadi ngozi ikatoka damu. Daktari wa wanyama hakuzungusha maneno: kidonda kisipoanza kupona mwezi huu, itabidi achomwe sindano ya mwisho, ya kumuua bila maumivu.

Fenna, ambaye tangu mama yake afariki alikuwa akila peke yake, alimlisha Bontje kwa mkono, zabibu kavu moja moja.

Asubuhi hiyo alitoboa gogo matundu ishirini na sita, akayajaza mbegu za alizeti na zabibu, akaziba kwa nyasi kavu, ili mikono ya Bontje ipate kazi nyingine. Aliliweka ndani ya banda la Bontje, akaketi nje ya wavu na daftari lake. Bontje hakuligusa. Alikuja wavuni, akanyoosha kiganja. Kilipobaki kitupu, akaanza kujinyonyoa.

Sjoerd, mtunza ndege, alichungulia mlangoni. "Bado tu?"

"Hataki. Labda matundu ni madogo."

"Matundu gani! Fenna, sahani yake ni wewe. Nani ahangaike na gogo, na sahani imekaa pale imevaa koti?"

"Acha mizaha yako."

"Sitanii. Twende tukanywe kahawa, Ankie wa ofisini kaleta keki."

"Nikiondoka ataumia."

"Nani, yeye?"

Fenna alifunga daftari lake. Aliinuka. Bontje akalia nyuma yake.

Kwenye keki hakufika. Alisimama katika stoo ya chakula, akitazama kupitia kioo cha mlango. Dakika tisa za kujinyonyoa, aliziandika zote. Ya kumi, Bontje aliliendea gogo, akachokonoa, akavuta nyasi, akanusa, akala. Kwa dakika arobaini na moja hakugusa mkono wake, wala hakutazama wavuni.

Fenna aliandika 41, akapiga mstari chini yake. Alifurahi kweli. Kisha akakumbuka kuwa jioni atakuwa na habari njema, na hana wa kumpa.

Kesho yake alijaza gogo kabla Bontje hajatolewa katika chumba chake cha kulala. Akavuta kamba ya mlango akiwa upande wa pili wa ukuta, bila kumwita jina, akaenda kumsaidia Sjoerd kufagia mabanda ya ndege.