Mstari Uliokosa Ukurasa

Mwanangu, kabla hujapeleka ripoti yako chuoni, kaa nikusimulie siku iliyonifanya nijishuku mwenyewe hadi leo.

Nilikuwa msichana, nachapa kazi za watu katika duka la kutoa kopi pale Chapwa. Elimu yangu kidato cha nne, lakini kwa ndoto, we acha tu. Kila nilipochapa andiko la kitaalamu nilijiona nami nimo humo ndani.

Mzee Simwinga, bwana mifugo, aliniletea makala aliyoiandika kwa mkono, kuhusu magonjwa ya ng'ombe kule Momba. Jarida la chuo kikuu lilikuwa linaisubiri. Mwishoni palikuwa na orodha ya marejeo, yaani vitabu vyote alivyovitegemea, kila kimoja na mwandishi wake, mwaka na ukurasa. Mstari mmoja tu ulikosa ukurasa. Akaniambia niuache hivyo hivyo. Mwenzake wa kazi, Tusekile, angeshuka kutoka Itumba na kitabu, apite kwangu aujaze.

Basi, nilipomaliza, ule mstari mfupi nikauona unaharibu sura ya orodha yangu nzuri. Nikaweka 214. Nilijiambia ni kwa muda tu. Tusekile alipofika, kitabu kwapani, akachungulia karatasi, akacheka. "Kumbe mzee ameshaupata mwenyewe." Nikajifanya napanga karatasi. Akaenda zake.

Barua ya jarida ilirudi na shaka. Kitabu cha ule mstari hakifiki hata ukurasa wa 214. Wakauliza kama kweli mwandishi alikisoma. Mzee Simwinga alikaa kwenye benchi langu akasema anamshuku Tusekile. Labda kitabu hakukigusa. Labda na yale mengine aliyomletea miaka yote alikuwa anajitungia. Akataka nimchapie barua ya kumtoa kwenye kazi yao.

Nilichapa jina la Tusekile, nikaishia hapo. Nikamwambia kweli yote.

Hakupaza sauti. "Binti, lile pengo lilikuwa linasema kweli, kwamba bado hatujui. Wewe ukalifundisha uongo." Kisha akanitazama. "Mengine umejaza mangapi?"

Hakuna, nikamwapia. Lakini angeniamini kwa lipi? Tulipitia mstari kwa mstari siku mbili, yeye na vitabu vyake, mimi nikisoma. Makala ilitoka. Tusekile alinisamehe, hata akawa ananitania kwa kuniita Mama Mia Mbili. Ila mzee, kila aliponiletea kazi tangu hapo, alipitisha kidole kwenye marejeo yote kabla ya kuondoka. Kila mara.

Kwa hiyo mwanangu, usilolijua liache wazi, useme bado unalitafuta. Kitabu unachokitaja kifungue wewe mwenyewe, maana aliyekitaja kabla yako huenda naye alitaka orodha ipendeze tu. Na kosa likitokea, ushuku mkono wako kwanza, kabla hujalitamka jina la mwenzako.

Mungu akupe macho ya kurudia kazi na moyo wa kukiri mapema. Na atakayefungua ukurasa ulioutaja, alikute pale lile ulilolisema.