Mwenye Leseni Anatoka Chumbani

Mtaani walimwita Mama Sofa. Mtoto hakuwa naye, ila viti vyote vilivyochanika vilipita mikononi mwake: vya kinyozi, vya ofisi za serikali, hata benchi la gari la kubebea maiti. Nguo zake zilinuka gundi na sponji, na kidole chake cha kati hakikuvua kastabini, ile kofia ya chuma ya kusukumia sindano.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na jina lake lilikuwa Bwana Kifungu. Alipewa na wenzake, naye lilimpendeza. Katika chumba cha nyuma alikuwa na redio ya ridhaa, ambayo mtu huzungumza nayo na wenzake wa mbali kwa mapenzi tu, si kwa mshahara wala biashara. Juu ya bati ulisimama mlingoti wa antena uliokuwa mrefu kuliko nyumba yenyewe. Serikali ilimpa leseni baada ya mtihani, na pamoja na leseni ikampa ishara ya wito, herufi na tarakimu chache za kujitambulisha hewani ambazo hakuna mwingine duniani aliyekuwa nazo. Leseni aliitia kwenye fremu. Picha ya harusi ilikuwa kabatini, haina fremu.

Kanuni za redio alizijua zote kwa namba za vifungu, na moja kati ya hizo ilimhusu mkewe. Asiye na leseni anaweza kuzungumza hewani, ila tu mwenye leseni awe chumbani, karibu na mashine, tayari kuizima. Akitoka, asiye na leseni anyamaze. Kusikiliza, asikilize atakavyo, maana sikio halihitaji ruhusa ya mtu.

Taabu ilianzia kwenye sauti. Redio zile zina makelele kama mafuta ya kukaangia, na sauti nene ya Bwana Kifungu ilizama humo. Ya mkewe ilikuwa nyembamba, ikipenya kama sindano kwenye turubai. Kila jioni wenye redio walikutana hewani, wakauita mkutano wao baraza, na mwenyekiti wao alikuwa Daktari wa Meno, mtu wa mji mwingine mwenye kicheko cha karibu.

"Kifungu, hatukusikii, kaka," Daktari wa Meno alikuwa akisema. "Mpe shemeji kipaza."

"Nasema mwenyewe."

"Unasema, ila huku tunasikia maharage yanachemka. Mpe shemeji, bwana!"

Basi alimpa. Mama Sofa alianza kisa cha kinyozi aliyeleta kiti chake kishonwe huku mteja, kichwa nusu kimenyolewa, amekifuata nyuma barabarani. Baraza zima lilicheka. Hapo mume aliinama juu ya bega lake, akasema kwenye kipaza, kwa adabu kabisa, "Mwenye leseni anatoka chumbani," akainuka, akaenda zake. Kisa kikabaki katikati kama mguu uliokosa ngazi. Baraza nalo lilikaa kimya. Bwana Kifungu ndiye aliyewafundisha: sauti isiyo na msimamizi, yaani mwenye leseni aliye karibu, haijibiwi, hata ikilia.

Alikwenda kukaa uani, kwenye kigoda kati ya friji mbovu, na kiredio cha kusikilizia sikioni, kuhakikisha kwamba mkewe hasemi neno. Akichoka, alirudi.

"Si mimi, ni sheria," alisema. "Ningekuwa mimi, ungeongea mpaka mate yakukauke."

Mama Sofa alivumilia kwa ajili ya mtu mmoja. Mdogo wake, ndugu yake pekee, ambaye Mama Sofa alimbeba mgongoni baada ya mama yao kufariki, alikuwa mpima hali ya hewa kwenye kituo cha mlimani. Huko hakukuwa na simu, na barua zilifika zikiwa zimelowa. Lakini kijana alikuwa na redio na leseni yake mwenyewe, na kila wiki, alasiri moja, alimwita dada yake. Kwa dakika hizo Mama Sofa aliyameza mengine yote.

Mumewe alijua. Alikuwa amemwambia, mikono mfukoni, "Siku utakayobonyeza kitufe mimi sipo, nitawaandikia mamlaka mwenyewe. Leseni nitairudisha, mlingoti nitaung'oa, na huyo mtoto wako utaongea naye ndotoni."

Alasiri moja, mvua zikiwa zimekaribia, mdogo wake aliita.

"Shemeji, nakusikia kwa shida. Nipe dada. Yeye ndiye redio yenyewe, wewe ni waya tu!" Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Bwana Kifungu alitabasamu. Alitoa kipaza, akakaa.

"Nipo, baba," alisema Mama Sofa, maana ndivyo alivyomwita tangu mgongoni. "Hicho kikohozi umekiokota wapi? Ova." Ova ni neno la redio la kumwachia mwenzako zamu ya kusema.

"Ndicho nilichoitia. Kifua si chema, dada. Nikilala chali nakosa pumzi. Gari la mwisho linashuka kesho asubuhi, halafu barabara inafungwa na tope mpaka mvua ziishe. Nauliza, nije kwako? Najua nyumba si yako peke yako. Ukisema njoo, nakuja. Ova."

Kabla hajabonyeza, mkono ulipita juu ya bega lake, ukachukua kipaza taratibu. "Mwenye leseni anatoka chumbani," alisema Bwana Kifungu. Alikirudisha mezani mbele yake, pale pale, akatoka.

"Ah," ilisema redio. "Shemeji katoka. Basi nasubiri."

Mama Sofa alikimbilia dirishani. Mumewe alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, kiredio sikioni, akikata kucha.

"Bwana, rudi! Mtoto anaumwa."

"Nanyoosha miguu."

"Neno moja tu, nakuomba!"

"Kifungu hakikusema maneno mangapi." Alipuliza ukucha ukaruka.

Alirudi mezani. Alishika kipaza, akaweka kidole gumba juu ya kitufe. Kilikuwa laini kwa kuguswa. Akibonyeza, mlingoti unang'olewa na mdogo wake anapotea kabisa. Asipobonyeza, atamjibu wiki ijayo. Alipiga hesabu hiyo huku mtu anakohoa masikioni mwake, na hesabu ikamdanganya.

"Dada," ilisema redio baada ya muda mrefu. "Kama ni neno zito kulisema, usijilazimishe. Nimeelewa. Huku nako si kubaya." Akataja ishara yake ya wito, kama kanuni inavyotaka mtu anapofunga mazungumzo, akafunga.

Bwana Kifungu alirudi akijifuta mikono. "Haya, ongea."

Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Makelele tu, mafuta ya kukaangia. Asubuhi yake gari lilishuka bila mgonjwa.

Alifia huko mvua zikiwa katikati. Habari ilikuja kwa redio, na kwa kuwa ilikuja kwa mwenye leseni, mwenye leseni aliiandika yote kwenye karatasi, akamsomea mkewe neno kwa neno, mpaka lile la mwisho: "Ova."

Hakulia mbele yake. Alichofanya ni kuanza kujifunza. Alisoma kanuni huku akishona, na herufi za mlio mfupi na mlio mrefu alizipiga kwa kastabini kwenye mbao za viti, tik, tiiik, mpaka wateja wakadhani anatafuta mchwa.

"Mshona makalio ya watu anataka leseni!" Bwana Kifungu aliwaambia baraza, nao wakacheka. Huyo huyo shemeji yao.

Kwenye mtihani, mkaguzi alimuuliza, "Asiye na leseni anazungumza lini?"

"Mwenye leseni akiwa chumbani."

"Na akitoka?"

"Ananyamaza."

"Hata ikitokea nini?"

Mama Sofa alitazama kastabini yake. "Isipokuwa uhai wa mtu uwe hatarini. Hapo yeyote anaruhusiwa kuzungumza, kwa chombo chochote, bila kuuliza mtu."

"Vizuri sana, mama. Kifungu hicho wengi hukisahau."

"Kwetu hakikusahauliwa," alisema. "Hakikutajwa."

Alipata leseni, na ishara yake ya wito. Aliendelea kupika, kushona na kungoja. Kilichokuja kilikuwa kiharusi. Bwana Kifungu alianguka kati ya friji zake, na alipoinuliwa, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa. Ulimi ulibaki, mzito.

Leseni huhuishwa kila baada ya muda. Wa kwake ulifika akiwa kitandani.

"Leseni yangu umeipeleka?" aliuliza.

"Nimesahau."

Siku hiyo Mama Sofa alikuwa ametoka kwenye ofisi ya leseni, kuwapelekea viti vyao alivyowashonea. Alipita mbele ya dirisha la leseni na kiti kichwani. Miezi ikapita, leseni ikafa, na aliyeachia leseni ife sharti arudie mtihani, ambao ndani yake kuna kupiga milio kwa mkono. Mkono wake ulilala mapajani kama wa mtu mwingine. Mama Sofa alitoa karatasi kwenye fremu ukutani, akatia picha ya mdogo wake.

Tangu hapo Bwana Kifungu alizungumza hewani kwa hisani ya mkewe. Kila jioni Mama Sofa alimketisha mezani, akamfuta mate, akakaa pembeni. Hakuwahi kuinuka hata mara moja. Baraza likamsifu. "Shemeji ana moyo," walisema. Alikuwa akingoja swali.

Lilifika jioni moja ya kawaida.

"Kifungu," alisema Daktari wa Meno, "Jumamosi wazee wa baraza tumepata gari. Nami naondoka, nahamia kwa mwanangu ng'ambo, huku sirudi tena. Tuje kukuona, kaka? Kama hujisikii, hatutakusumbua. Ukisema njooni, tunakuja. Ova."

Macho ya mgonjwa yalijaa maji kwa furaha. Aliinua kidole cha mkono mzima.

Mama Sofa aliinama juu ya bega lake. "Mwenye leseni anatoka chumbani," alisema kwenye kipaza, akakirudisha mezani, pale pale.

Alikaa kwenye kigoda kati ya friji. Aliweka kiredio sikioni.

"Ah," alisema Daktari wa Meno. "Basi tusubiri."

Hawakusubiri. Ulikuja mlio wa kitufe, halafu ile sauti nene: "Njooni! Njooni, jamani! Njooni!"

Hakuna aliyejibu. Baraza lilinyamaza kama alivyolifundisha. "Njooni," alilia Bwana Kifungu. Daktari wa Meno alikohoa. "Kuna sauti isiyo na msimamizi," alisema, akijisikia vibaya. "Shemeji, upo karibu? ... Basi. Pumzika, kaka." Alitaja ishara yake, akafunga.

Furaha ambayo Mama Sofa aliitunza miaka yote ilikuja, akaionja, na mara ile ile kitu kingine kikaipita mbio. Hakuchukua hata muda wa kutia uzi kwenye sindano! Mtu aliyemwogopesha kwa vifungu nusu ya maisha yake alibonyeza tu. Na mlingoti ulikuwa bado umesimama pale juu, hakuna mtu wa mamlaka aliyegonga mlango. Baraza halikujibu, lakini lilisikia. Na mdogo wake, hata kama naye asingejibu, angesikia. Neno moja lingemtosha, akafunga mzigo wake.

"Rudi!" mumewe aliita kupitia dirisha. "Mke wangu, rudi!"

"Nanyoosha miguu," alisema.

Halafu alikileta kiredio mdomoni, kile cha kusikilizia tu, kisicho na kitufe, na kidole gumba chake kikabonyeza plastiki tupu.

"Njoo, baba," alisema. "Njoo."