Glavu Nyeupe za Baba

Kila nikinunua buluu ya kufulia, ile ya kipaketi kidogo, nakumbuka glavu za baba, na aibu inanishika papo hapo mbele ya muuza duka.

Baba alikuwa mzima moto. Tena alikuwa kwenye gwaride la heshima, wale wanaosimama kando ya jeneza mwenzao akifa kazini. Kazi yangu ilikuwa kufua glavu zake nyeupe: sabuni ya kipande kwanza, halafu maji yenye buluu kidogo, halafu kuzianika kivulini. "Fua vizuri," alikuwa akinitania, "marehemu anakagua."

Lakini kwetu Mashimoni, Kibera, wazima moto waliitwa wazima jivu. Vichochoro vilikuwa vyembamba, gari lao lilikwama barabarani, nyumba zikaisha, na lawama zikamfuata baba hadi mlangoni. Shuleni nikaitwa Kajivu. Tulipohamia Kawangware, niliwaambia wenzangu wapya kwamba baba ni polisi, tena wa bunduki.

Siku moja mzima moto aliyeishi karibu na shule alikuwa anazikwa. Mwalimu akatupanga kando ya barabara ili jeneza lipite. Polisi walikuja na bunduki zao, wazima moto na mashoka yanayong'aa. Mstari wao ulisimama mbele yetu kabisa. Wa mwisho alikuwa baba, hatua mbili kutoka nilipokuwa, macho mbele, na glavu nilizozifua juzi.

Rafiki yangu Zaituni alinidunga kiwiko. "Cheki huyo wa mwisho. Masikio ni yako kabisa! Si huyo ni buda yako?"

"Huyo? Simjui," nikasema, darasa zima likasikia. "Wangu ni karao, polisi wa bunduki."

Baba hakupepesa jicho. Nami, kwa akili zangu za miaka tisa, nikaamini kwamba mtu akiwa gwarideni hasikii, maana hageuki. Nikajiona mjanja sana.

Jioni alikula, akaniuliza habari za hesabu, kisha akachukua karai akaanza kufua glavu mwenyewe.

"Kwani Mwende ni mgonjwa?" mama akauliza.

"Wacha asome," alijibu.

Hakunipa tena glavu zile. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kupunguziwa kazi.

Miaka mingi baadaye tulimzika baba. Wenzake walisimama kando ya jeneza, na nilipopita karibu na mwanamke wa mwisho kwenye mstari, maneno yakanitoka yenyewe: "Huyo ni baba yangu."

Hakugeuka. Lakini chozi lilimshuka taratibu hadi kwenye ukosi, na hakulifuta, maana haruhusiwi.

Kumbe wanasikia.