Kutembea Mikono Mitupu

Kwetu Ulemo, mwanamke akionekana asubuhi anatembea mbiombio, hana jembe wala ndoo, watu wanajua kuna msiba. Mimi sikulifikiria hilo siku ya kwanza ya mazoezi yangu.

Wiki hiyo nilikuwa nimetoka hospitali, Singida mjini. Kipandauso kilinitesa tangu niolewe: upande mmoja wa kichwa unagonga, mwanga unachoma, natapika, nalala siku mbili dirisha limezibwa kwa kanga. Na kilipenda sana msimu wa kupiga alizeti kwa fimbo ili mbegu zitoke. Wenzangu wakishika fimbo, mimi nimeshika kichwa. Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi. Alisema moja tu: "Mke wa mwanangu ana ugonjwa wa mavuno." Liliniuma kuliko kichwa chenyewe.

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali aliniminya shingo, akaguna. "Mama, shingo hii ngumu kama mpini." Akanifundisha kuvuta kidevu ndani na kuzungusha mabega. Dawa niendelee nazo, akasema, na kila asubuhi kichwa kikiwa kizima nitembee nusu saa bila mzigo, nianze polepole.

Polepole mimi siijui. Nilitoka kwa kasi, jirani akaniita, "Kuna nini huko?" Nikapunga mkono tu, maana pumzi sikuwa nayo. Nilipogeuka kurudi nikakutana na wanawake watano wananifuata, wamejifunga kanga, mmoja kabeba unga, mwingine ameshaanza kulia. Nikawaambia ni mazoezi. Yule aliyelia alinikasirikia kwelikweli. "Umenitoa machozi bure!" Mama mkwe hakuniongelesha siku nzima kwa aibu.

Na mimi nilikasirika, kwa hiyo kesho yake nikatoka tena. Wakaniita mwanariadha, nikatoka tena. Kipandauso hakikuisha, nisidanganye mtu, ila miezi ilivyokwenda kilianza kuja mara chache, na kikija hakinilazi kama zamani.

Mavuno ya mwaka huu nilishika fimbo pamoja na wenzangu. Jua lilipokuwa kali nilikaa kivulini, nikanywa maji, nikavuta kidevu ndani huku wakinicheka, kisha nikarudi kupiga. Hivyo hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lundo la mwisho la vichwa vya alizeti nililipiga mimi, na nilijivuna, sifichi. Mama mkwe alikuwa anapepeta pembeni. Alilitazama lundo lile, akaendelea kupepeta.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kama kawaida. Sijafika mbali, nikasikia mtu anasimamisha baiskeli mbele ya nyumba yetu, ambako mama mkwe alikuwa anafagia uwanja. Kwa sauti alikuwa mgeni.

"Shikamoo mama. Yule anawahi wapi, kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba," mama mkwe akajibu, tena kwa sauti ya kunifikia hadi nilipo. "Ni mke wa mwanangu. Alizeti amepiga mpaka ya mwisho. Sasa anatembea."