Nilivyotumwa Eldoret Kumleta Wekesa Amzike Babake

Ijumaa asubuhi, pale kwetu Webuye, Mama Wekesa aliniita kando ya hema la matanga. "Wewe tangu utoroke darasa la sita miguu yako haijatulia," akaniambia. "Nenda Eldoret umlete mwanangu. Simu hashiki. Mwambie aje hata mikono mitupu." Maziko ya mumewe yalikuwa kesho yake, na kwetu kifungua mimba ndiye hutia udongo wa kwanza, na hutarajiwa kuja na fahali wa matanga. Wekesa ni rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe pamoja.

Nilipata lifti kwenye lori lililobeba kreti tupu za maziwa. Baada ya mji wa Turbo baridi ikaanza kuuma, na dereva akafunga dirisha. Mashamba yalikuwa yamevunwa, mabua yamelala.

Eldoret nilifika mchana. Duka la vifaa vya ujenzi ambako Wekesa alikuwa karani lilikuwa limefungwa kufuli lenye kutu. Mama muuza karanga aliyeketi mlangoni akaniambia, "Yule mpole? Siku hizi anashusha mahindi ya Moiben huko sokoni." Nikamkuta chini ya gunia, nyusi nyeupe kwa vumbi. Aliponiona, kwanza alitazama nyuma yangu, aone nimekuja na nani.

Jioni, nyumbani kwake Langas, mkewe Nekesa alinikaribisha. "Shemeji, kalia ndoo. Kiti kilisafiri, hakijarudi." Tukacheka, tukala ugali na sukuma. Habari ya kifo walikuwa wameisikia. Nikautoa ujumbe wa mama, na kicheko kikakatika.

"Mama ni mama," Wekesa akasema. "Na wajomba je? Karani wa Eldoret anafika bila hata sukari ya chai?"

"Babako hanywi chai tena," Nekesa akamjibu. "Enda umzike."

Wekesa akainua godoro, akatoa suti aliyokuwa ameilalia ili inyooke.

Jumamosi alfajiri tulimwacha Nekesa na mtoto wao aliyekuwa na homa, tukaenda stendi. Watu wa kwetu waishio Eldoret walikuwa wakipakia lori la kwenda mazikoni: mikate, viti, marobota ya sukari. Mama mmoja mnene, mcheshi, akapaza sauti kutoka juu, "Karani! Fahali wako ametangulia kwa miguu, ama yuko mfukoni?"

Watu wakaangua kicheko. Wekesa naye akacheka. Akaniambia anaenda kununua maji, akakatiza kati ya vibanda. Tulipiga honi, tukangoja, nikamtafuta mpaka nyuma ya choo cha stendi. Lori likaondoka. Yule mama aliniuliza njia nzima, "Kwani nilisema nini?"

Adhuhuri, kaburini, walimsubiri hadi mhubiri akaishiwa nyimbo. Hakuna mjomba aliyeuliza habari ya fahali. Waliuliza tu, "Kijana yuko wapi?" Mwishowe mdogo wake Wekesa akashika koleo.

Nimelala katika nyumba nyingi zisizo na unga, nikasikia humo vicheko vya kweli. Huko Eldoret nilijifunza kwamba njaa mtu huizoea upesi kuliko anavyozoea kuonekana hana kitu. Wekesa angeweza kubeba gunia lolote sokoni, ila siyo macho ya watu wake.

Jioni mamake alinivuta jikoni. Hakuuliza mbona nimerudi peke yangu.

"Amekonda?" akaniuliza.

"Amekonda, Mama."

Akageukia moto, akaanza kusukuma kuni ambazo tayari zilikuwa zinawaka.