Mtoto wa Mwaka wa Mvua Kubwa

Baba alikuwa askofu wa Kianglikana huko kaskazini, mbele sana ya Isiolo, ambako kutoka kanisa moja la mabati hadi lingine ni safari ya kutwa. Sisi alituacha Tetu na mama, ng'ombe na shamba la chai. Kila mwaka alikuja nyumbani Krismasi ikishapita, maana Krismasi yenyewe ilikuwa ya watu wake. Hata mama alimwita Baba Askofu, kama waumini wengine.

Alipostaafu alirudi akiwa mgeni. Hakujua kwamba mlango wa jikoni husukumwa kwa bega. Alikaa uani na redio, akisikiliza kama mvua imenyesha kule.

Siku moja akaja mchuuzi wa mifugo kutoka Nanyuki, mzee wa Kiislamu wa rika lake, amemletea mbuzi. Waliongea lugha tusiyoijua. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Mama, aliyekuwa akimimina chai, alisimama na birika mkononi akimtazama. Kicheko hicho hatukuwahi kukisikia.

Mgeni akamgeukia mama kwa heshima. "Mama Askofu, huyu ni ndugu yangu. Ile mwaka ya mvua kubwa, tukikaa bado kule kaskazini, bibi yangu alishikwa na uchungu na mto imefurika. Askofu akamweka kwa gari yake, akazungukia mlimani mpaka hospitali. Huyo mtoto leo ni mwalimu."

Mama akaweka birika chini. "Hata mimi nilijifungua mwaka huo. Nilipelekwa Nyeri na lori ya majani chai, nimelala juu ya magunia. Wangu hakuishi."

Nilikuwemo kwenye lori hilo, nimeketi karibu na dereva. Nilimsikia mama akilia kila tulipoingia shimo, halafu nikaacha kumsikia.

Mgeni aliinamisha kichwa. Baba akasema polepole, "Barabara ilikuwa imekatika. Singefika."

"Ya kwenda na bibi yake ulipata pa kuzungukia," mama akajibu, akarudi jikoni.

Asubuhi baba alivaa kola yake ya kikasisi, akaniomba nimwonyeshe kaburi. Liko pembeni mwa chai, halina msalaba. Akasoma sala zote za maziko, kwa sauti ile nzuri iliyowahi kujaza makanisa ya wengine. Mama alikuwa hapo karibu akikata majani ya nepia ya ng'ombe. Hakuinua macho, wala panga lake halikutulia. Nilitaka kumhurumia baba, nikashindwa.

Baba alifariki kabla ya mwaka kwisha. Maaskofu walikuja na majoho yao ya zambarau, wakasema alitoa kila kitu alichokuwa nacho. Mama akaombwa aseme neno. Alisimama, akashika maikrofoni.

"Watu wa kule walipata baba mzuri," akasema, akaketi.

Waumini wakapiga makofi. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani.