Kovu Lililofichwa kwa Mafuta ya Mgando

Saa nne asubuhi. Mama Ukungu anachota mafuta ya mgando kwa ncha ya kidole, tone dogo tu, na kuyapaka kwenye kipande cha kioo kilichokaa mbele ya lenzi. Anayazungusha pembeni, katikati anaacha peupe, duara lisilozidi sarafu.

"Ukipaka kwenye lenzi yenyewe umeiua," anasema. "Na ukijaza kioo kizima, bwana harusi utamdhani moshi."

Bibi harusi mtarajiwa aliyeketi kwenye kigoda anacheka. Picha inapotoka, chunusi zimeyeyuka na mashavu yanang'aa. Mafuta yakimwishia, mpiga picha huyu huvuta soksi nyembamba ya kike juu ya lenzi na kuibana kwa mpira. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Ukungu.

Miaka thelathini na moja amelainisha nyuso za watu. Zamani foleni ilifika barazani. Siku hizi simu zinafanya kazi hiyo bure, na wateja watatu kwa siku ni bahati. Lakini si hilo linalomliza.

Linalomliza liko ukutani: picha kumi na tisa za bintiye wa pekee, aliyefariki kwa maradhi ya figo miaka mitatu iliyopita. Zote laini, zote nzuri, na hakuna hata moja yenye kovu.

Kovu lilikuwa kwenye shavu la kushoto, kutoka sikioni hadi karibu na mdomo. Binti alimwagikiwa na maji ya moto akiwa na miaka miwili, mama yake akiwa amegeuka kidogo tu.

"Kila nikitaka kumpiga picha, kidole chenyewe kinakwenda kwenye mafuta," anasema. "Nilisema namfichia yeye. Uongo. Nilikuwa najifichia mimi."

Binti aliacha mtoto wa kike, aliyezoea kulala ameshika kovu hilo. Mwezi uliopita bibi alimpa picha moja aiweke chini ya mto. Mtoto akaipapasa shavuni, akairudisha.

"Bibi, huyu si mama."

"Ni mama yako, mjukuu wangu."

"Mama alikuwa na njia hapa."

Mama Ukungu anasimulia hayo akitazama pembeni. "Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ana miaka saba." Anafuta machozi kwa kitambaa cha kufutia kioo, na kujikuta amejipaka mafuta usoni.

Imebaki picha moja. Chuo alichosoma binti kiliikataa picha ya kitambulisho aliyopigwa na mama yake kwa kuwa haikuonyesha alama ya usoni, naye akaenda kupigwa nyingine kwa mpiga picha wa jirani. Mama Ukungu alinuna wiki nzima, hata kuiona hakutaka. Sasa amekwenda chuoni mara nne. Karani amemwambia mafaili ya zamani yako stoo, arudi Jumatatu.

"Nitarudi. Hata iwe ndogo kama ukucha, nitaikuza. Na sipaki kitu."

Msumari ameshaupigilia, chini kabisa ya zile kumi na tisa, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.